Pete Mbili Juu ya Pipeti

Minza,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, nimeisikia tangu asubuhi unavyogonga masufuria jikoni, na mama yako akikwambia, "Polepole, mayu, hayo masufuria hayajakukosea." Mimi nimekimbilia huku maabara. Leo Jumamosi hakuna mwanafunzi, jua bado lipo la kutosha kuandikia, na hapa hakuna wa kunigombeza. Barua hii nitampa mama yako akukabidhi asubuhi kabla hatujatoka, maana wewe na mimi tangu Jumanne tunazungumza kwa kupitia kwake kama watu wanaohitaji mkalimani.

Mambo ya sabuni, chandarua, kufuli la kabati na kutonunua mayai ya kuchemsha stesheni sitayagusa. Mama yako ameyasema mpaka na mimi nimeyakariri.

Ninalotaka kusema ni juu ya kombi yako ya masomo. Umechaguliwa kwenda kidato cha tano, shule ya bweni, Morogoro, kusoma fizikia, kemia na baiolojia. Ni wasichana wangapi wa Bariadi wanaoipata nafasi hiyo? Na wewe umeapa mbele ya sahani ya ugali kwamba siku ya kwanza tu ukifika utaomba kuhamia historia. Historia! Wewe usiyekumbuka hata mdogo wako alizaliwa mwezi gani! Sababu yenyewe si kwamba historia imekuvutia. Sababu ni mimi. Unataka kuiacha kemia kwa kuwa baba yako ndiye aliyekufundisha, na baba yako ndiye aliyekuharibia. Umenichosha, mtoto wewe. Nimekaa hapa na kalamu saa nzima, nikianza, nikikata, nikianza tena, na bado nimechoka tu.

Haya. Acha nianzie mbali kidogo, maana ukali wangu juu ya lile tone la mwisho haukuanzia darasani.

Kwetu Migato bibi yako, yule uliyepewa jina lake, alipommiminia mgeni maziwa alikuwa hamalizi kwa kuinamisha kibuyu tu kama watu wengine. Alikipindua, akakitikisa, akakigonga kitako kwa kiganja, mpaka tone la mwisho lidondoke ndani ya bakuli la mgeni. Ukiacha tone umemnyima, alikuwa akisema. Siku moja nilimmiminia mjomba maziwa nikarudisha kibuyu ukutani bila kukigonga, nikachapwa mgeni akiwepo, tena mgeni mwenyewe akiitikia kwa kichwa. Nyumba nyingi za kwetu zilikuwa hivyo, na watoto wa nyumba hizo ndio wanaokuja kukaa mbele yangu kidato cha kwanza.

Sasa mtoto kama huyo mpe pipeti. Zile pipeti zetu za zamani, zenye tumbo katikati, unavuta maji ya dawa kwa mdomo mpaka kwenye mstari, unaachia yashuke yenyewe ndani ya flaski, na tone linalobaki kwenye ncha unaliacha hapo hapo. Aliyeitengeneza alishalihesabu. Lakini nani atamwambia hivyo mtoto wa Kisukuma aliyelelewa na mama kama wangu? Anatazama lile tone, anaona anamnyima mtu, anapuliza. Puu! Huyu kapuliza, yule kapuliza nusu, mwingine katikisa, na kila mmoja ana jibu lake. Miaka yangu ya mwanzo hapa nilikuwa nikirudi nyumbani sauti imekauka. Nikaandika kwa rangi ukutani: USIPULIZE. Nikawa natembea kati ya meza na rula. Mkaniita Mwalimu Usipulize. Unadhani sikujua? Wewe mwenyewe uliniita hivyo siku moja ukiwa na mama yako, mkidhani nimesinzia kwenye kiti.

Mwishowe nikashinda. Darasa zima likaacha kupuliza, na majibu yakaanza kufanana. Hapo ndipo nilipopotea, Minza, na sikupotea kwa kukosa elimu. Nilijua vizuri kwamba kioo nacho kina mashaka yake. Hata pipeti ya daraja la juu imeandikwa ubavuni kwamba inaweza kuzidi au kupungua kidogo. Imepimwa kiwandani kwenye nyuzi ishirini za joto, na nyuzi ishirini hapa Bariadi tunazipata wapi, labda ndani ya mtungi. Bureti unaisoma kwa jicho, na jicho likiwa juu au chini ya usawa wa maji linadanganya. Silinda ya kupimia ndiyo kabisa, hiyo ni ya kukadiria tu. Haya yote nilifundishwa chuoni. Lakini nyinyi sikuwafundisha. Niliogopa kwamba nikiwaambia kila kipimo kina kujumlisha au kutoa, mtafanya kisingizio cha uvivu. Nikawataka wote muwe na jibu moja, desimali mbili, na asiyefanana na wenzake alirudia mpaka afanane. Kumbe wengine walirudia kwa kuangalia daftari la jirani. Nami nikaweka tiki, nikaenda kunywa chai.

Ulipokuwa kidato cha pili uliandika pembeni ya jibu lako: "Iko kati ya mistari miwili, sina hakika." Nikalikata neno hilo kwa kalamu nyekundu na kuandika chini yake: "Mwanasayansi ana hakika." Nilijiona nimekulea. Daftari lile ukalileta nyumbani ukamwonyesha mama yako, naye akaniuliza jioni, "Sasa kama mtoto hana hakika, aseme nini?" Nikamwambia mambo ya maabara aniachie mimi.

Halafu likaja soko huria. Zamani ukitaka kioo cha maabara ulijaza fomu, ukaipeleka bohari ya serikali, ukasubiri mpaka uote mvi, lakini kilipofika kilikuwa ni kile kile cha siku zote. Bohari ikakauka. Pipeti zetu zikavunjika moja baada ya nyingine, na mkuu wa shule akaniambia, "Mwalimu, siku hizi kila kitu kipo Mwanza dukani. Nenda kachague." Nikaenda. Kweli kila kitu kilikuwepo! Rafu zimejaa, kioo kinang'aa, na mwenye duka ananiita profesa. Akanitolea pipeti nyembamba zisizo na tumbo, zimenyooka kama mwanzi, amezifunga kwenye gazeti. "Hizi hazivunjiki ovyo, profesa." Karatasi ya maelezo haikuwepo, nami sikuiulizia. Juu kabisa, karibu na pale pa kuwekea mdomo, zilikuwa na pete mbili nyeupe. Nilidhani ni urembo, kama yale maua kwenye vikombe vya bati.

Ndiyo, cheka. Nilidhani ni urembo. Na mwaka ule ule wanunuzi wapya wa pamba walikuwa wamezagaa vijijini, kila mmoja na mizani yake, nami nilikwenda Migato kumhutubia baba yako mkubwa Masanja. Nilimwambia, kaka, utawezaje kupima pamba ya mwaka mzima bila kutazama kama mshale umeanzia sifuri? Soko huria linataka macho! Akanisikiliza kwa adabu, akaniongezea ugali. Siku nikikumbuka hotuba ile natamani kujificha chini ya meza hii.

Siku ya praktikali ya mtihani wa taifa mnaijua wote, lakini nataka uisome kwa mkono wangu mwenyewe. Nyinyi mlikuwa ndani ya maabara. Mimi nilikuwa chumba cha pembeni nikifanya titresheni ya mwalimu, kwa dawa zile zile na pipeti zile zile, maana jibu la mwalimu hutumwa pamoja na karatasi zenu, na wasahihishaji huwapimia kwa hilo. Sikupuliza. Ningepulizaje, mimi mwenye ukuta wangu? Na darasa langu lote halikupuliza, kwa sababu lilikuwa darasa la utii. Wewe peke yako uliinua pipeti ukaitazama juu, ukaona pete, ukapuliza.

Jioni ulikuja uani nikiwa nanyoa ndevu.

"Baba, mimi nimepuliza."

"Umefanya nini?"

"Zile pete mbili maana yake ni kwamba tone la mwisho linapulizwa. Imeandikwa kwenye lile kabrasha la vyombo, lile unalozuilia mlango wa maabara."

Sikukuuliza ukurasa gani. Sikwenda kulichukua. Nilikutazama kwenye kioo, povu mashavuni, nikakwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mama yako akanyamaza, maana hata yeye alidhani mwalimu ni mimi.

Matokeo yalipokuja, wenzako wamepata A na B za kemia, na wewe uliyekuwa ukiwafundisha jioni chini ya taa ya chemli umepata C. Mkuu wa shule alinipigia makofi, darasa bora tangu shule ianze. Shija, ambaye ulimwelekeza jinsi ya kusawazisha milinganyo tangu kidato cha tatu, akapata A, akachaguliwa kwenda chuo cha ufundi. Mama yake alikuja hapa nyumbani, mjane wa watu, akasimama mlangoni, "Mwadila, mwalimu. Mungu akubariki. Mtoto alikusikiliza." Wewe ulikuwa umekaa pale pale unachambua mchele. Niliona mikono yako ilivyosimama.

Miezi mizima ukaniambia, baba, twende tukapime, na miezi mizima nikasema nitaangalia. Mara nina paredi, mara nina kikao, mara mizani ina vumbi. Niseme ukweli, nilikuwa nimeshalifungua lile kabrasha siku nyingi. Nilijua. Lakini kujua kwenye karatasi na kuona kwenye mizani ni mambo mawili, na nilitaka kukaa kwenye lile la kwanza kadiri nitakavyoweza.

Jumanne ukanikamata. Ulichukua funguo mwenyewe. Ulijaza pipeti maji, ukayaachia kwenye bika juu ya mizani bila kupuliza, ukasoma kwa sauti. Pungufu nusu gramu. Ukarudia, pungufu vile vile. Ukapuliza, ikakaa sawa. Ukarudia tena na tena, si kwa ajili yako, kwa ajili yangu, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

"Unaona, baba? Wote walifanana. Na wote walikosa sawasawa."

"Naona."

"Na jibu lako lilikosa pamoja nao."

"Nimesema naona, Minza."

"Utawaandikia wasahihishaji?"

Nikasema nitafikiri. Hapo ndipo ulipoweka funguo mezani, huku macho yamejaa, ukaniambia, "Nimekupimia mpaka maji yameisha kwenye ndoo, unafikiri nini tena? Basi kemia kaa nayo wewe." Ukaondoka. Mimi nikabaki nafuta meza iliyokuwa safi.

Sasa nimefikiri, na jibu langu hutalipenda. Sitawaandikia.

Subiri, usiichane. Najua unavyonijua, utasema naogopa mkuu wa shule, naogopa jina langu. Naogopa, ndiyo. Kuna mtu asiyependa kuitwa mwalimu bora? Lakini kama ni hofu hiyo tu ningeshaimeza, maana nimeshameza mengi makubwa kuliko hiyo tangu Jumanne. Jumatano nilisimama mstarini mbele ya shule nzima, nikasema kwamba pipeti zenye pete mbili zinapulizwa, kwamba mwalimu wao alikosea, na kwamba aliyekuwa sahihi ni Minza peke yake. Watoto wakacheka, wakapiga makofi. Nikaja kumweleza mama yako akueleze, na jibu lako likarudi kwa mkalimani: "Mwambie mstarini hapatoi maksi." Ulisema kweli, na niliumia.

Ninachoogopa ni hiki. Nikiandika kwamba jibu langu lilikuwa na kasoro, hawatakusahihisha wewe mmoja. Watalichukua jibu jipya na kuwapimia nalo wote, na wote walio sahihi leo watakuwa wamekosea kesho. Labda watafanya hivyo, labda wataitupa barua kapuni, labda watafuta praktikali nzima. Sijui. Ninajua tu kwamba Shija amekwishaondoka, yuko chuoni na kitanda chake na namba yake. Kosa la Shija ni lipi? Alimsikiliza mwalimu wake. Wewe kosa lako ni lipi? Hukumsikiliza. Nikikutendea haki wewe ninawavunja wenzako wote, na wakati huo huo mimi niliyesababisha nabaki hapa na mshahara wangu na chaki yangu. Wanasema wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Msemo huo naukasirikia sana wiki hii, na bado ndio ninaoufanya.

Mama yako anasema ningekuwa nimeandika mapema, siku ile ile ya povu mashavuni, kabla karatasi hazijasahihishwa, pasingeumia mtu. Ni kweli. Siku ile ingetosha kutembea mpaka mlangoni na kuokota kabrasha. Hilo ndilo ninalorudi nalo kila nikilala. Hata lile la duka la Mwanza, na hata lile la titresheni yenyewe, yangesameheka, kwani mtu hununua asichokijua. Lakini mtoto wangu aliniambia jambo lenye ushahidi, ushahidi wenyewe unazuia mlango, nami nikajibu kwa methali.

Huko uendako utakutana na watu kama mimi. Watakuwa wakubwa, wana sauti, wana ukuta wenye maandishi, na mara nyingi watakuwa sahihi, hilo ndilo tatizo lao. Sina dawa ya watu hao. Kama ningekuwa nayo ningejitibu kwanza. Nakwambia tu kwamba siku ile ulipuliza ukijua baba yako yuko chumba cha pili, ukijua ukuta unasema nini, ukijua wenzako wote wataandika kingine. Mimi katika umri wako nisingeweza. Hata sasa sina uhakika kama ningeweza, na nimekwambia hivyo bila kalamu nyekundu.

Kwa hiyo usinielewe vibaya kuhusu historia. Kama moyo wako umeipenda, ihamie, nitakununulia vitabu na nitakuwa nakuuliza majina ya machifu ukija likizo. Kama kemia imekuchosha yenyewe, na harufu yake, na hesabu zake, iache, wengi wameiacha na wanaishi vizuri. Lakini kama unaiacha ili kunipiga mimi, hapana, Minza. Nipige mimi mwenyewe. Nipo, nina mgongo. Usiniandikie muhula mzima. Barua zangu zirudishe bila kuzifungua. Likizo nenda Migato kwa baba yako mkubwa, ukamweleze habari za hotuba yangu ya mizani, acheke mpaka aanguke kwenye kigoda. Vyote hivyo nitavipokea, na nitakuwa nimevistahili. Ila kitu ulichokiona kwa macho yako mwenyewe ukakishika wakati watu wote wamekiachia, hicho si changu. Sikukupa mimi. Huwezi kunirudishia.

Kesho nitakusindikiza mpaka stesheni ya Malampaka, upende usipende. Kwenye basi nitakaa kiti cha nyuma kama hutaki nikae karibu nawe. Treni itachelewa, kama kawaida yake, na tutakuwa na saa nyingi za kukaa pale stesheni na mizigo yako. Ukitaka kunigombeza, nigombeze pale, kwa sauti, hata kwa Kisukuma, mbele ya abiria wote wa Mwanza, wasikie kwamba mwalimu huyu amemdhulumu binti yake. Sitakukatiza wala sitasema methali. Sema mpaka uishiwe, kisha panda treni na kemia yako.

Baba yako